RS-485 na ndugu zake: maswali ninayoulizwa na mafundi wa Dodoma

Kazi yangu ni kuvifanya vifaa viongee: pampu za visima, inveta za sola, mita za umeme, sensa za matangi, mashine za kukamua alizeti. Nazunguka kati ya Dodoma mjini, Chamwino, Bahi na Kongwa, na karibu kila wiki fundi mmoja hunipigia simu akiwa amesimama mbele ya paneli, nyaya mbili mkononi, kifaa hakijibu. Maswali yanajirudia. Nimeyaweka hapa na majibu yake kwa sababu nimeona pesa nyingi za wakulima zikienda kununua bodi mpya wakati ya zamani ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa kwenye waya.

RS-485 ni kitu gani hasa?

Ni kiwango cha umeme. Kinaeleza volti zinazotakiwa kwenye jozi ya waya ili vifaa vingi vitumiane data, biti moja baada ya nyingine. Kilitolewa mwaka 1983 na chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, EIA. Kilirekebishwa mwaka 1998, na jina lake rasmi sasa ni TIA-485-A. Mafundi bado tunakiita RS-485, nami nitakiita hivyo.

Hakisemi utumie koneta gani, hakikupangii kasi ya kazi yako, wala hakisemi maneno gani yapite kwenye waya. Ukiwapa watu wawili simu nzima, mmoja akaongea Kigogo tupu na mwenzake Kisukuma tupu, hawataelewana, lakini simu haina kosa. RS-485 ni hiyo simu. Ndiyo maana vifaa viwili vilivyoandikwa "RS-485" vinaweza kufungwa sawasawa kabisa na bado visisemezane.

Kwa hiyo Modbus ndiyo lugha?

Ndiyo, na kwa kazi zetu nyingi ndiyo lugha utakayokutana nayo. Ilitengenezwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, yaani ina umri mkubwa kuliko RS-485 yenyewe. Lugha nyingine zinazopita kwenye waya huohuo ni Profibus ya viwandani na DMX512 ya taa za jukwaani.

Kwa nini yanaitwa mawasiliano ya mizani?

Hapa ndipo uzuri wote ulipo, usiparuke.

Anza na RS-232, ile ya mwaka 1960 iliyokuwa nyuma ya kila kompyuta ya zamani. Inatuma ishara kwenye waya mmoja, na volti yake inapimwa kulinganisha na waya wa sifuri, ule unaoandikwa GND. Kelele ya umeme ikiingia kwenye waya wa ishara, kipokezi hakina namna ya kujua ipi ni data na ipi ni kelele. Ndiyo sababu ilizoeleka kuishia mita 15 hivi.

RS-485 inatumia nyaya mbili kwa ishara moja. Mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kipokezi hakijali kila waya una volti ngapi, kinatazama tofauti kati yao tu. Nyaya zikiwa zimesokotwa pamoja, kelele ya mota ya jirani huzigusa zote mbili karibu sawa, zote zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na tofauti inabaki ileile.

Namba zake ni hizi: kitumaji lazima kitoe tofauti isiyopungua volti 1.5 kikiwa kimebeba mzigo wa omu 54, na kipokezi lazima kitambue ishara hata tofauti ikishuka hadi volti 0.2. Kati ya 1.5 na 0.2 ndiko unakotumia akiba yako: urefu wa kebo, viungo vibovu, kelele.

RS-422 inatofautianaje?

Ni kaka yake mkubwa, wa mwaka 1975. Nayo ni ya mizani, kipokezi chake nacho kinatambua volti 0.2, lakini anayezungumza ni mmoja tu na wanaosikiliza wasizidi kumi. Kitumaji chake kinatakiwa kutoa angalau volti 2 kwenye omu 100. Majibu yakitakiwa kurudi, unavuta jozi ya pili. RS-485 iliongeza ruhusa ya vifaa vingi kuzungumza kwa zamu kwenye jozi moja, na ndiyo maana imeenea kuliko kaka yake.

Nyaya ni mbili, A na B. Kwa nini niongeze waya wa tatu?

Swali hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kisa.

Kuna shamba moja la zabibu upande wa Makutupora. Nilikuwa nimevuta laini ya mita kama 300 kutoka kwenye nyumba ya pampu hadi chumba cha ofisi, waya mbili, A na B. Ilifanya kazi wakati wa majaribio, nikaondoka. Miezi minne baadaye mzee mwenye shamba akanipigia. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, pampu ikizimwa, skrini inasoma vizuri. Ikiwaka tu, inanyamaza."

Kebo ilikuwa na jozi mbili, ya pili haina kazi. Nikaifunga jozi hiyo kwenye GND ya draivu ya pampu (kifaa kinachoendesha mota yake), nikarudi ofisini, nikaweka multimita kwenye volti za AC na kupima kati ya ncha ya jozi ile na GND ya kontrola. Pampu imezimwa: karibu sifuri. Nikamwomba kijana awashe. Volti 9.

Sasa kumbuka kwamba volti 9 za AC kwenye multimita zina kilele cha karibu volti 12.7, juu na chini. RS-485 inaruhusu volti ya pamoja, yaani ile inayozibeba A na B zote mbili ukilinganisha na sifuri ya kipokezi, iwe kati ya −7 na +12. Pampu ikizunguka, laini yangu ilikuwa inavuka mipaka yote miwili mara 50 kila sekunde. Tofauti kati ya A na B ilikuwa nzuri kabisa, lakini kipokezi kilikuwa kimezibwa masikio.

Kuna sababu ya haya kutukuta sana huku kwetu. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ya Dodoma hukauka ikawa ngumu kama tofali, na ethi iliyopigwa kwenye udongo mkavu ina ukinzani mkubwa. Ethi ya nyumba ya pampu na ethi ya ofisi haziko kwenye volti moja, hata kama kwenye mchoro zote zimeandikwa sifuri. Laini iliyofanya kazi Februari inaweza kukataa Septemba bila mtu kugusa chochote.

Pale shambani niliweka kitenganishi (kifaa kinachopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili) upande wa kontrola, nikaitumia ile jozi ya pili kama waya wa sifuri kutoka kwenye draivu hadi upande wa laini wa kitenganishi, na nikaitoa kebo ya data kwenye bomba ililokuwa ikishirikiana na kebo ya mota. Mzee aliwasha na kuzima pampu mara sita mfululizo, macho kwenye skrini, kabla hajaniruhusu nifunge paneli.

Waya wa tatu, basi, ni wa lazima. Usipokuwa na kitenganishi, pitishia waya huo kwenye rezista ya omu 100 ili mkondo wa kati ya ethi mbili usikimbilie humo. Na usiuchanganye na nyutro ya TANESCO, wala usiitumie nyutro badala yake.

Nimefunga A kwa A na B kwa B, bado kimya. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na hukukosea wewe. Kiwango kinasema laini ikiwa imetulia, A iwe hasi ukilinganisha na B. Lakini watengenezaji wengi wa chipu wameandika kinyume: kwenye MAX485, kwa mfano, A ndiyo chanya. Wengine wakafuata kiwango, wengine wakafuata chipu, na leo herufi A kwenye kifaa kimoja inaweza kuwa B kwenye kingine. Nyaraka za Modbus zilijaribu kukwepa utata huu kwa kuziita D1, ambayo ni chanya, na D0, ambayo ni hasi.

Acha herufi, pima. Washa kifaa kikiwa peke yake, kisitume kitu, weka multimita kwenye volti za DC kati ya vituo vyake viwili. Kile chenye chanya kiandike kwa maka pen. Fanya hivyo kwa kila kifaa, kisha funga chanya kwa chanya. Ukisoma karibu na sifuri, kifaa hicho hakina rezista za kuvuta (nitazieleza hapa chini), basi geuza tu nyaya ujaribu. Kugeuza A na B hakuunguzi kitu.

Rezista za omu 120 niweke ngapi?

Mbili. Moja mwanzo wa kebo, moja mwisho wake, na katikati hakuna kitu. Ishara ikifika mwisho wa kebo bila kukuta rezista inayolingana na kebo yenyewe, sehemu yake inarudi nyuma na kugongana na zinazokuja.

Vifaa vingi vina swichi ndogo au jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka) ya kuiwasha rezista ya ndani, na kiwandani mara nyingine huachwa imewashwa. Zima umeme wote, pima omu kati ya A na B. Ukisoma karibu 60, uko sawa. Ukisoma 120, iko moja tu. Ukisoma 40, kuna ya tatu mahali, itafute. Vifaa vinane vyote vikiwa vimewashwa jampa, utasoma 15, na hakuna kitumaji kitakachosukuma mzigo huo hadi volti 1.5.

Kusema kweli, kwa kebo fupi na kasi ndogo unaweza kuishi bila hizo rezista. Ishara husafiri kwenye kebo kwa karibu mita 200 kila maikrosekunde. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, biti moja inadumu maikrosekunde 104. Kwenye kebo ya mita 50, mwangwi unakwenda na kurudi kwa nusu ya maikrosekunde na kufa mapema kabla biti haijasomwa. Mimi huziweka hata hivyo kwenye laini ndefu, kwa sababu kesho atakuja mtu aongeze kasi.

Rezista za kuvuta ni zipi tena?

Wakati hakuna anayezungumza, vitumaji vyote vimejitoa na laini inaelea. Tofauti inakuwa karibu sifuri, kipokezi hakijui ni moja au sufuri, na kinaanza kusoma takataka. Dawa ni rezista moja ya kuvuta waya chanya juu kwenye volti 5 na nyingine ya kuvuta waya hasi chini kwenye GND, mahali pamoja tu kwenye laini nzima.

Hesabu yake ni fupi. Rezista mbili za mwisho kwa pamoja ni omu 60. Ukiweka za kuvuta za omu 560 kila upande, tofauti ni 5 × 60 ÷ (560 + 560 + 60), yaani volti 0.25. Inavuka 0.2, vizuri. Ukiweka za omu 1,000 unapata 0.15, haitoshi. Chipu za siku hizi nyingi zimetengenezwa zisome laini tulivu kama moja bila msaada huu, lakini kwenye laini yenye vifaa vya rika tofauti siwezi kuzitegemea.

Vifaa vyangu vimetapakaa. Naweza kuvuta waya wa kila kimoja kutoka kwenye paneli?

Hiyo ni nyota, na RS-485 haipendi nyota. Inataka mnyororo: waya unaingia kwenye kifaa, unatoka, unaenda cha pili. Kila tawi refu ni mwisho mwingine usio na rezista.

Najua inauma. Visima vikiwa kaskazini, tangi mlimani na ofisi kusini, mnyororo unamaanisha kebo ndefu zaidi. Njia moja ni kutumia kebo yenye jozi kadhaa, jozi moja inakwenda na nyingine inarudi kwenye bomba lilelile, hivyo kwa macho ni nyota lakini kwa umeme ni mnyororo. Njia nyingine ni kirudiaji (kifaa kinachopokea ishara na kuitoa upya) chenye matawi, ambapo kila tawi linakuwa laini yake kamili na rezista zake. Tawi la mita moja au mbili kwa kasi ya 9,600 halina neno.

Ni kweli inafika mita 1,200?

Ni kweli, kwa kasi isiyozidi biti 100,000 kwa sekunde na kebo nzuri. Tuone inavyobana. Waya wa shaba wa kipenyo cha milimita 0.5 una karibu omu 88 kwa kilomita. Mita 1,200 kwenda na kurudi ni omu 210. Kitumaji kikitoa volti 1.5, rezista ya 120 mwisho wa kebo inabaki na 1.5 × 120 ÷ 330, karibu volti 0.55. Kipokezi kinahitaji 0.2. Bado upo ndani, lakini kiungo kimoja chenye kutu kinaweza kuila akiba hiyo.

Ukipandisha kasi, umbali unapungua. Zidisha mita kwa biti za kila sekunde, na jibu lisizidi milioni 100 hivi. Kwa kasi ya milioni 10 unabaki na mita kumi hivi.

Kebo ya intaneti, Cat5, inafaa?

Inafaa. Ukinzani wake wa asili ni omu 100 badala ya 120, na tofauti hiyo haiumi. Muhimu ni A na B ziwe kwenye jozi moja iliyosokotwa, mfano chungwa na chungwa-nyeupe. Nimekuta A kwenye chungwa na B kwenye bluu: hapo msokoto hauna kazi tena.

Kabla ya kulipa, kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya zaidi na inakatika chini ya skrubu. Iache dukani. Kebo ikiwa na foili, iunganishe kwenye ethi upande mmoja tu.

Laini moja inabeba vifaa vingapi?

Kiwango kinasema mizigo 32, mzigo mmoja ukiwa kipokezi cha takriban omu 12,000. Chipu nyingi za sasa ni robo au sehemu ya nane ya mzigo, hivyo vifaa 128 au 256 vinawezekana. Modbus yenyewe ina anwani 1 hadi 247.

Radi imeshanila bodi tatu. Nifanyeje?

Pole. Mvua zetu huanza Desemba na kwenda hadi Aprili, nazo huja na radi, na kebo ndefu kwenye uwanda usio na miti ni kama umeiwekea radi mtego.

Si lazima ipige kebo. Ikipiga ardhi karibu na kisima, ardhi ya pale hupanda maelfu ya volti juu ya ardhi ya ofisi kwa muda mfupi sana, na kebo yako ndiyo daraja. Kwa hiyo weka vikinga radi pande zote mbili, sio upande mmoja, na viwe vya RS-485 hasa, vinavyoanza kufanya kazi baada ya −7 na +12. Waya wa kutoka kikinga hadi ethi uwe mfupi na mnene. Ethi za paneli, za fremu za sola na za kikinga kwenye jengo moja ziunganishwe pamoja. Kitenganishi kinasaidia, ila kina kikomo chake cha volti.

Kama ni kati ya majengo mawili na umeshaunguza mara tatu, mimi ningeacha shaba na kuvuta faiba. Kioo hakipitishi umeme wa radi.

Anwani na kasi niziweke vipi?

Vifaa vyote kasi moja, pariti (biti ya kukagua makosa) moja, na kila kimoja anwani yake. Nyaraka za Modbus zinataja 19,200 na pariti shufwa kama mpangilio wa kuanzia, lakini vifaa vingi madukani huja na 9,600 bila pariti. Vifaa viwili vyenye anwani 1 vitajibu kwa pamoja na kuharibiana, kwa hiyo badilisha anwani kimoja kimoja mezani kabla ya kupeleka shambani.

Betri ya lithiamu ina matundu mawili ya RJ45 yanayofanana, CAN na RS-485. Ni kitu kimoja?

Hapana. CAN nayo ni ya mizani na inatumia rezista mbili za 120, ndiyo maana watu wanachanganya. Ilitoka kwa Bosch mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Ikitulia, nyaya zake zote mbili hukaa karibu volti 2.5. Soma kwenye kitabu cha inveta yako inataka ipi na pini zipi, kwa sababu kila mtengenezaji amezipanga pini kivyake na kebo ya chapa moja haifai kwa nyingine.

Kifaa kimoja kati ya 14 kimeharibu laini nzima. Nitakijuaje?

Usianze na cha kwanza ukaenda hadi cha kumi na nne. Nenda katikati, cha saba, kata mnyororo hapo, weka rezista ya 120 ya muda kwenye ncha, jaribu nusu iliyo upande wa paneli. Ikijibu, kosa liko mbele. Nenda katikati ya nusu hiyo. Kwa mikato minne umefika.

Ukikipata, kizime, kitoe kwenye laini, zima na rezista yake ya ndani, kisha pima omu kati ya A na GND, halafu B na GND. Kizima kitakuonyesha maelfu ya omu na pande zote mbili zikikaribiana. Kilichoungua huwa na upande mmoja ulioshuka hadi makumi ya omu. Mara nyingi ni chipu ndogo ya miguu minane tu, na fundi mwenye solda nzuri anaibadilisha bila kununua bodi.